Kingamwili ya CD41 inatoa mwanga hafifu: tatizo ni nini?

Swali (maabara, Dodoma)
Ndugu wataalamu, tunapima chembe sahani za binadamu (chembe ndogo za kugandisha damu) kwa flosaitometa, mashine inayopima mwanga wa chembe moja moja, tukitumia kingamwili yenye rangi ing'aayo dhidi ya CD41, protini iliyo juu ya chembe hizo. Sampuli za Kondoa na Mpwapwa, ambazo hukaa njiani saa kadhaa kwenye joto ndani ya mirija ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), hutoa mwanga hafifu mno, ilhali za hapa mjini hung'aa vizuri. Je, kingamwili imeharibika?

Jibu la kwanza
Sidhani, kwa kuwa za mjini zinang'aa. CD41 huungana na protini mwenzake, CD61, kuwa kipokezi kimoja cha fibrinojeni (protini ya kugandisha damu), na muungano huo hushikiliwa na kalsiamu. EDTA huinyakua kalsiamu hiyo, na katika joto la nyuzi 37 kipokezi hutengana. Kingamwili inayotambua muungano mzima, mathalani kloni P2 (toleo mojawapo la kingamwili ya CD41), hukosa pa kushika. Tumieni mirija ya sitreti (kizuia kuganda kingine), wala msiziweke sampuli kwenye friji, maana baridi huzisisimua chembe sahani.

Jibu la pili
Naunga mkono. Ongezeni kingamwili dhidi ya CD42b, protini nyingine ya chembe sahani, ambayo haitegemei muungano huo. Nawasihi sana, msimwandikie mgonjwa ugonjwa wa Glanzmann (ugonjwa wa kurithi ambao kipokezi hicho hupungua au hakifanyi kazi) kabla ya kurudia kipimo kwa damu iliyotoka kutolewa.