Sodiamu imeshuka lakini miguu imevimba: dripu ya salaini itundikwe au isimamishwe?

Muuguzi wa Eastlands

Wauguzi wenzangu, naomba mwongozo wenu. Katika wodi yetu ya wanawake hapa Nairobi tunaye mama wa miaka 68 ambaye moyo wake umedhoofika kwa miaka kadhaa, na anatumia furosemaidi (dawa ya kukojoza), digoksini (dawa ya kuupa moyo nguvu ya kusukuma) na dawa ya shinikizo la damu ambayo jina lake halikuandikwa vizuri kwenye faili. Aliletwa na binti yake akiwa anatapika, amechoka na anajibu maswali kwa kuchelewa. Majibu ya maabara yanaonyesha sodiamu 121 na potasiamu 2.9. Agizo nililokabidhiwa ni salaini (maji ya chumvi ya dripu) lita 3 kwa saa 24, na chupa ya kwanza tayari inashuka.

Kinachonitatiza ni kwamba ulimi wake ni mkavu, ngozi ya mkono ikifinywa hairudi upesi, ilhali miguu imevimba hadi karibu na magoti. Nikitazama kipimo cha sodiamu naona amepungukiwa na chumvi, kwa hiyo salaini inastahili. Nikitazama miguu naona maji yamezidi. Chati ya maji yanayoingia na yanayotoka ina mstari mmoja tu tangu asubuhi. Mngeanzia wapi?

Sista Mkufunzi

Dada, anza kwa kupunguza kasi ya dripu hiyo hadi kiwango cha kulinda mshipa usizibe, kisha umpigie daktari wa zamu kabla chupa ya pili haijafunguliwa.

Sodiamu ya damu haikuelezi mgonjwa ana chumvi kiasi gani mwilini. Inakueleza uwiano wa chumvi na maji, kama vile mchuzi unavyoweza kupooza kwa kuongezewa maji ingawa chumvi iliyotiwa ni ileile. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na aliyeshuka hadi 121 anaweza kuwa katika hali tatu tofauti: amepoteza chumvi na maji, ila chumvi zaidi, amehifadhi maji tu bila kuvimba, au amehifadhi vyote viwili, maji yakizidi chumvi, jambo ambalo hutokea moyo, ini au figo vinapolemewa. Wa kwanza ndiye anayehitaji salaini. Wa tatu ukimpa lita 3 za salaini utakuwa umempelekea mapafuni maji ambayo moyo wake hauwezi kuyasukuma, na tiba yake kwa kawaida ni kupunguziwa vinywaji, pengine hadi lita moja au moja na nusu kwa siku, pamoja na dawa ya kukojoza kama daktari atakavyoona.

Kwa hiyo kazi yako ni kubaini yuko upande gani. Ngozi ya mkono katika umri huo haitegemeki, kwa sababu imeshalegea kwa uzee. Finya juu ya kifua au kwenye paji la uso. Ulimi unaweza kukauka kwa sababu anapumua kwa mdomo. Mwinue kitanda hadi kama nyuzi 45 na utazame mishipa ya shingo. Sikiliza mapafu upande wa chini, mgongoni. Mgonjwa anayelala siku nzima huhifadhi maji juu ya matako kuliko kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo mgeuze ubonyeze hapo. Pima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa ameketi au amesimama ikiwa anaweza: likishuka kwa 20 au zaidi kwa kipimo cha juu, hiyo ni dalili nzito ya upungufu. Mwisho mpime uzito, na ulinganishe na ule wa kadi yake ya kliniki, maana kilo moja iliyoongezeka ghafla ni takriban lita moja ya maji.

Usisahau sukari ya damu. Sukari iliyopanda sana huvuta maji kutoka kwenye seli na kuishusha sodiamu bila mgonjwa kuwa na kasoro nyingine ya chumvi.

Akianza kutetemeka kwa degedege au akipoteza fahamu, mjadala huu wote unawekwa kando. Hapo anahitaji salaini kali ya asilimia 3 kwa kiasi kidogo, kwa agizo la daktari, iwe amevimba au hakuvimba.

Kaka wa ICU

Sista amemaliza upande wa sodiamu. Mimi ninaogopa zaidi potasiamu hiyo ya 2.9 kwa mtu anayetumia digoksini. Potasiamu ikishuka, digoksini hushika moyo kwa nguvu zaidi, na dalili za sumu yake ni hizohizo ulizoziandika: kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Hesabu mapigo kwa dakika nzima kwenye kilele cha moyo kabla ya dozi yoyote. Yakiwa chini ya 60, au yakiwa yanarukaruka, izuie dozi na umjulishe daktari. Omba kipimo cha umeme wa moyo usiku huuhuu.

Kuhusu kuirudisha potasiamu, njia ya mdomo ndiyo salama akiacha kutapika. Kidonge kimoja cha Slow-K kina milimoli 8. Najua jamaa huambiwa walete ndizi, na ndizi ni chakula kizuri, lakini moja ina takriban milimoli 10, ilhali mtu aliyefika 2.9 huenda amepungukiwa na milimoli mia mbili hivi.

Ikilazimu mshipa, ampuli ya mililita 10 ya kloridi ya potasiamu ya asilimia 15 ina milimoli 20, na haidungwi moja kwa moja kwa hali yoyote ile, kwa kuwa moyo unaweza kusimama papo hapo. Ichanganye kwenye mililita 500 za salaini na uipindue chupa mara kadhaa, maana dawa hiyo ni nzito na hutulia chini karibu na mrija, hivyo mgonjwa akapokea karibu dozi yote mwanzoni. Katika wodi ya kawaida isizidi milimoli 10 kwa saa. Usitumie dekstrozi, kwa sababu sukari huamsha insulini, na insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, kipimo kikashuka zaidi. Hakikisha anakojoa, angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Omba pia magnesiamu ipimwe, kwani ikiwa chini, potasiamu utakayompa itaendelea kupotelea kwenye mkojo.

Zamu ya Mchana

Ninakubaliana na waliotangulia, ila kwa tahadhari moja. Dawa ya shinikizo ambayo jina lake halisomeki inaweza kuwa amlodipini, ambayo huvimbisha miguu bila mwili kuwa na maji ya ziada. Mgonjwa wa namna hiyo aliyetapika kwa siku kadhaa huku akimeza furosemaidi anaweza kuwa amekauka kabisa, miguu ikikudanganya. Mwombe binti yake alete vidonge vyote kutoka nyumbani, vikiwa kwenye pakiti zake.

Na hiyo chati ya maji, tusiilaumu zamu peke yake. Wakati wa kuona wagonjwa jamaa huja na chupa ya chai, uji na supu, na hakuna anayemwambia muuguzi. Mimi huwapa jamaa kikombe kimoja kinachojulikana ujazo wake na karatasi ya kuweka alama kila kinapokunywewa. Matapishi na kinyesi chepesi navyo viandikwe, hata kwa kukadiria.

Muuguzi wa Eastlands

Asanteni sana. Mishipa ya shingo imejaa, mapafu yote mawili yana mlio wa unyevu chini, na mgongoni kidole kinaacha shimo. Sukari ni ya kawaida. Uzito umezidi ule wa kliniki kwa kilo 4, na binti yake amesoma pakiti kwa simu: ni enalaprili, si amlodipini. Nilimpigia daktari nikamtajia vipimo hivyo kimoja kimoja. Akasimamisha salaini, akapunguza vinywaji hadi lita moja, akazuia digoksini na akaagiza potasiamu ya mdomo kwa kuwa kutapika kumetulia. Damu irudiwe baada ya muda gani, na nichukue mkono upi?

Sista Mkufunzi

Chukua mkono usio na dripu, bila kufunga mpira kwa muda mrefu na bila kumwambia akunje na kukunjua ngumi. Chembe za damu zikipasuka kwenye sampuli, potasiamu hutoka ya juu kuliko ilivyo, nawe utadhani imepanda.

Kwa saa 24 za mwanzo irudiwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Kwa mtu mwenye potasiamu ya chini kama huyu, sodiamu isipande zaidi ya 8 kwa saa 24, yaani kesho saa kama hii isiwe imevuka 129. Kumbuka kwamba potasiamu unayompa nayo huipandisha sodiamu, kwa hiyo imo ndani ya hesabu hiyo. Mkojo ukianza ghafla kutoka kwa wingi ukiwa mweupe kama maji, usisubiri saa ya kipimo: mpigie daktari, kwa sababu hapo ndipo sodiamu hupanda kwa kasi. Madhara yake kwenye ubongo hayaonekani siku hiyohiyo. Huja baada ya siku kadhaa, mgonjwa akishindwa kutamka vizuri, kumeza au kuinua miguu, kwa hiyo liandike jambo hili kwenye makabidhiano ya zamu zote za wiki hii.