Mgambo wakizoa mali yako leo, unasubiri siku 90 ndipo uwashtaki. Hii sheria inamlinda nani?

Wakuu, nina hasira na sifichi.

Shemeji yangu anauza parachichi na ndizi kwenye mkokoteni, huku huku Arusha. Wiki iliyopita mgambo wa halmashauri (sitaitaja) walimzoa: mkokoteni, mizani, ndoo za parachichi, vyote vikarushwa kwenye gari. Hakuna risiti, hakuna hati, hakuna aliyejitambulisha. Kufuatilia ofisini anaambiwa alipe faini kwanza. Faini ya kosa gani? Hakuna aliyemwandikia. Parachichi alizikuta zimemwagwa juani nyuma ya jengo, zimepondeka, zinatoa maji. Mizani mpaka leo haijulikani ilipo.

Nikasema twende mahakamani. Katiba ibara ya 24 si inalinda mali ya mtu? Wakili akatupa utaratibu, nikabaki mdomo wazi. Unaanza kwa kuipa halmashauri notisi ya siku 90 kwamba utaishtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikiisha, unafungua Mahakama Kuu, si mahakama ya mwanzo wala ya wilaya, hata kama unachodai ni ndoo za parachichi! Na Mwanasheria Mkuu lazima umuunganishe kwenye kesi, usipomuunganisha imekufa. Zamani kwa halmashauri za miji ilikuwa notisi ya mwezi mmoja. Mabadiliko ya 2020 ndiyo yaliyoziingiza kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5.

Haya, umeshinda. Dalali wa mahakama haruhusiwi kukamata mali ya halmashauri, hata lile gari lililobeba mkokoteni wako!

Mwaka huo huo wa 2020 wakabana na kesi za haki za msingi: ikawa lazima uape kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeumia. Mama muuza ndizi mwenye njaa ndiye apambane na serikali nzima, wa kumsemea hakutakiwa.

Marekani wana sheria ya tangu 1871 ya kumshtaki ofisa aliyevunja haki zako, na mwaka 1978, kwenye kesi ya Monell, Mahakama ya Juu yao ikasema mji wenyewe unashtakika kama uvunjaji umetokana na sera au mazoea yake. Hapo ndipo panaponiuma. Kubeba mali za watu bila karatasi kwetu ni mazoea, kila mwenye meza barabarani anayajua, halafu tunaambiwa ni utovu wa nidhamu wa mgambo wachache.

Madai madogo dhidi ya halmashauri yarudi mahakama za chini, na mgambo akigusa kitu cha mtu aache hati yenye jina lake na orodha ya alichochukua. Wanasheria wa humu, kuna aliyepeleka notisi ya siku 90 kwa halmashauri na mteja akalipwa kweli? Aje aseme alipitaje. Yetu inaenda Jumatatu.