Tupeane uzoefu: Mliopanda Lupanga, mlishukaje?

Wakuu, Morogoro mjini ni kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, kwenye milima ya Uluguru juu ya mji, kinapita 2,100. Tofauti yote hiyo mnaimaliza kwa miguu, kwenda na kurudi siku moja. Naanza mimi.

Tulitoka Dar na SGR ya alfajiri, tukashughulikia kibali na mwongozaji, tukaanza kupanda saa 4. Migomba ikaisha, tukaingia msituni, na huko njia haizunguki: inapanda wima, unajivuta kwa mizizi. Kileleni tulifika saa 9 alasiri, ukungu mtupu. Giza likatukuta bado tumo msituni, tochi moja watu wanne. Kuna sehemu nilishuka kwa makalio. Mwongozaji, kijana Mluguru, alitangulia akinionyesha mzizi mmoja mmoja pa kuweka mguu. Hadi leo namwombea heri.

Nani mwingine kapanda?

Mkazi wa Kihonda: Pole mkuu, ila saa 4 mlichelewa sana. Sisi saa 12 asubuhi tumeshaanza. Mimi mara ya kwanza nilirudishwa njiani. Mvua ilianza tumebakiza kama saa moja kufika, mwongozaji akasema tugeuze. Nilikasirika, hela nilishatoa. Tulipotokea chini ya msitu, ile njia ya asubuhi imekuwa kijito. Jioni nilimfuata nikamwomba radhi.

Dada wa Dar: Mimi viliniumiza viatu. Vilinikaa sawasawa, kumbe hilo ndilo kosa: kwenye mteremko vidole vinagonga mbele muda wote. Kucha za vidole gumba ziliiva nyeusi, moja ikang'oka. Vaeni vyenye nafasi, kateni kucha, na fimbo msiidharau. Mimi ya kwangu nilipewa na mama aliyekuwa anashusha mkungu wa ndizi kichwani. Alisema yeye miguu yake imezoea. Nilitamani kulia.

Mwanzisha mada: Asante dada, fimbo sikuwa nayo kabisa. Nina mdogo wangu wa miaka 14 ananisumbua anataka kwenda. Nimpeleke?

Mkazi wa Kihonda: Anza naye Morningside, chini zaidi kwenye milima hiyo hiyo, kwenye lile jengo la enzi za Mjerumani. Umwangalie anavyoshuka, kupanda kila mtoto anapanda. Magoti yasipomtetemeka, nitafute. Mwezi wa 7 kukiwa kukavu twende wote.