Naomba ushauri: baba hataki kupimwa utumbo mpana, na daktari wake hajamgusia

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Niko Langoni, Lamu. Babangu ana miaka 61. Mdogo wake, ami yetu, aligunduliwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52, imeshafika kwenye ini. Baba hana dalili, na hiyo ndiyo hoja yake: "Siumwi, napimwa nini?" Nimemweleza kuwa kipimo hiki ni cha mtu asiyeumwa. Vinyama vya utumboni huchukua miaka kabla ya kugeuka saratani, na vikionekana mapema hukatwa. Wapi! Kikopo cha kuwekea choo tulichomletea kiko kabatini, kijiti chake bado kimefungwa. Nadhani ni aibu kuliko hofu.

Anayemsikiliza ni daktari wake wa presha. Akiambiwa apunguze chumvi, siku hiyo hiyo chumvi inaondoka mezani. Lakini foleni huwa ndefu. Hupimwa presha, huandikiwa dawa, basi. Mambo ya utumbo hayajawahi kutajwa.

Wenye uzoefu, hasa wahudumu wa afya: nimwone daktari kwanza faraghani nimwombe alianzishe yeye, au niseme mbele ya baba? Naogopa baba ataona nimemvunjia heshima.

Na je, kwa kuwa nduguye wa damu ameugua, kipimo cha choo kinatosha, au aende moja kwa moja kwenye kile cha kamera inayoingizwa utumboni? Hicho kwetu ni kuvuka bahari hadi Mokowe na safari ya Mombasa, nahitaji kumpanga mapema.