Naombeni ushauri: kupeleka bodi za kompyuta mbovu nje ya nchi

Wakuu habari zenu. Mimi nakusanya skrepa hapa Dar, siku hizi nimejikita kwenye bodi za kompyuta na simu mbovu, stoo imejaa na nimepata mnunuzi Ubelgiji wanakoyeyusha kutoa shaba na dhahabu. Sasa wakala mmoja ananiambia tuandike tu "vyuma chakavu" kontena lipite, mi roho inagoma kabisa. Ninavyoelewa Mkataba wa Basel (ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi) ulirekebishwa, tangu 1 Januari 2025 taka zote za umeme, ziwe na sumu ama zisiwe nayo, hazivuki mpaka hadi nchi inayopokea na zile mzigo unakopitia zikubali kwanza kwa maandishi, na ukidanganya kwenye makaratasi ni biashara haramu, mzigo unarudishwa kwa gharama zako. Halafu zile bodi zina madini ya risasi, vijana wangu walikuwa wanazishika mikono mitupu, hilo limeninyima usingizi (glavu nimeshawanunulia).

Aliyewahi kufuatilia kibali NEMC (baraza la mazingira la taifa) anisaidie, unaanzia wapi na ulisubiri muda gani? Bima je, kwa mtu wa kontena moja inapatikana? Au bora nimuuzie mwenye kibali tayari hata kama bei itashuka?