Karate, judo au taikwondo kwa mtoto wa miaka 7 hapa Arusha?

Jamani habari zenu, tumehamia Njiro toka Mombasa mwezi wa kwanza na kijana wangu wa miaka 7 kila siku ni karate karate tu. Karibu na shule yake kuna judo, mjini nimeona taikwondo, na kila ninayemuuliza anasifia chake. Nimpeleke wapi?
Mama Imani

Mama Imani karibu sana, na pole na baridi, ngoja mwezi wa saba ndo utaijua Arusha. Mi natokea Voi, huu mwaka wa tisa niko huku na wanangu wote wawili wamepitia hiyo michezo.

Mwangalie mwalimu kwanza, mchezo baadaye. Karate ni ngumi na mateke, taikwondo mateke zaidi, judo hakuna kupigana ngumi ni kushikana na kuangushana, na mtoto wa miaka 7 atapenda wowote ule mwalimu akiwa mzuri. Wa kwanza nilimpeleka klabu iliyokuwa jirani na nyumba, basi, sikuangalia kingine. Wiki ya pili tu wakamkutanisha na kijana wa kama miaka 12, hana glavu hana kinga ya meno, karudi mdomo umevimba na fulana ina damu mpaka tumboni, nilivyoenda kuuliza naambiwa mwanaume halii. Na sisi wazazi tulikuwa tunakalishwa nje mlango umefungwa, nami nikaukubali ule mlango, mpaka leo inaniuma.

Kwahiyo nenda siku ya mazoezi bila kuaga, omba kukaa ndani saa nzima. Mtafute mtoto mdogo kuliko wote pale halafu mwangalie yeye tu, akikosea anaambiwaje, akilia nani anamfuata. Kule tulikohamia nilimkuta mwalimu kapiga goti anamfunga katoto mkanda, anamwonyesha pole pole, anaufungua, anamwambia haya sasa funga mwenyewe, darasa zima linasubiri. Nikalipa ada siku hiyo hiyo.

Mi kwa umri huo ningeanza na judo sababu kitu cha kwanza wanafundishwa kuanguka, kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, mkono unapiga mkeka paa! Binti yangu aliteleza kwenye baraza limelowa akaenda chali, nikasikia ule mkono paa, kichwa hakikugusa sementi. Ila angalia wanachoangukia, kuna wanaotandika turubai juu ya maranda na si mbaya kama maranda yamejaa, wewe bonyeza kwa goti, ukisikia sakafu ondoka.

Ada usishtuke ukitajiwa elfu arobaini, ni shilingi za Tanzania hizo, si za Kenya. Uliza mapema nguo na mitihani ya mikanda ni bei gani, maana wengine ada ndogo halafu kila mwezi kuna mtihani wa kulipia. Na anayekuahidi mkanda mweusi kwa mwaka mmoja anauza mikanda huyo. Kwenye taikwondo ya Kukkiwon, makao makuu ya mchezo huo kule Korea, mtoto chini ya miaka 15 anapewa poom, yaani daraja la watoto badala ya mkanda mweusi, mkanda wake nusu mwekundu nusu mweusi, na hata huo ni miaka ya mazoezi.

Mimi naongezea moja, uliza wanabadilisha nguo wapi na nani anakuwepo. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima yeyote, hata awe sensei wa namna gani. Wa kwangu namvalisha kabisa nyumbani, tunapanda kifodi kavaa hivyo hivyo.
Baba Neema, Sakina

Asanteni sana, Mama wa Voi hao wa judo wanafanya siku gani?
Mama Imani

Jumamosi saa nne asubuhi. Hii inayokuja nipo, nipitie twende wote, kijana mvalishe suruali ya mazoezi na umkate kucha.