Wakuu, naunganishaje ruti mbili za Trainz (lile gemu la treni) pale Kidatu? Nimepata ukuta badala ya reli

Dereva_wa_Usiku
Habari zenu wakuu. Wiki ya pili hii nimekwama. Kwenye Trainz nina ruti niliyoijenga mwenyewe, Reli ya Kati, Morogoro hadi Kilosa halafu kile kitawi cha kushuka Kidatu. Jamaa yangu yuko Mbeya, yeye kajenga TAZARA kuanzia Makambako, Mlimba, Ifakara mpaka hapo hapo Kidatu, tukasema tuziunganishe. Nikaingia Surveyor (sehemu ya kujengea ramani) nikamerji, yaani kuziunganisha ruti, bodi (vile vipande vya mraba vya ardhi) zikawaka nyekundu kibao, nikaisogeza ruti yake pembeni hadi wekundu ukaisha nikakubali. Kwenda kuangalia, lahaula! Reli yangu imeishia kwenye ukuta wa udongo kama mita 30 hivi, yake iko huko juu na imekaa upande, haielekeani kabisa na yangu. Na kazi zote za treni nilizopanga kwenye sesheni (mchezo unaopangwa juu ya ruti) sizioni. Nianze upya au?

bintiKilosa
Kopi ya ruti ya zamani unayo? Kama huna usiguse kitu kingine leo.

Dereva_wa_Usiku
Ninayo dada, kwenye flashi.

bintiKilosa
Basi pumua. Sesheni haijapotea, iko na ile ruti ya zamani, ukimerji inabebwa ruti tu. Kazi za treni utazipanga upya mwishoni.

Mzee_wa_Geji
Kijana kosa ni hapo uliposogeza. Wekundu maana yake bodi za ruti zote mbili zimekaa sehemu moja, na lazima iwe hivyo kwa sababu wote mmejenga Kidatu! Ulivyosogeza sasa una Kidatu mbili zimekaa jirani. Ulitakiwa ufute bodi za Kidatu kwenye kopi moja kwanza, ndo umerji bila kuihamisha ramani.

fundi_bodi
Au acha Kidatu mbili zako, ongeza bodi tupu katikati utengeneze mteremko. Ila usiweke moja, bodi ni mita 720, kupanda mita 30 hapo ni zaidi ya 4% mzigo utakushinda. Weka tatu unapata kama 1.4%.

Mzee_wa_Geji
Fundi hapo unampoteza, ataweka mlima ambao haupo. Dereva, ardhi mlitoa wapi nyie?

Dereva_wa_Usiku
Wote TransDEM mzee, ile programu ya kutoa ardhi kwenye ramani halisi. Mimi zoni 37 (kanda za ramani za UTM), ngoja nimuulize yeye... kasema 36, na aliinua ardhi yote kidogo akaona inamrahisishia.

Mzee_wa_Geji
Haya ugonjwa umeonekana. Mpaka wa zoni 36 na 37 ni longitudo 36, unapita kati ya Mlimba na Ifakara, kwa hiyo Mlimba iko 36 na Kidatu iko 37. Ukichora Kidatu kwa zoni 36 ramani nzima inapinda, kwa hapo inakaribia digrii moja, na Trainz inakuruhusu kusogeza tu, kuzungusha hamna. Mwambie kipande cha Ifakara Kidatu akitoe upya kwa zoni 37 na vimo asiviguse. Huko Mlimba kwenye mpaka atapindisha reli kidogo, hakuna atakayejua.

bintiKilosa
Na mkishapatana bado kuna la geji (upana kati ya reli). Reli ya Kati ni milimita 1000, TAZARA 1067. Gemu haijali, treni itapita tu, ila ukisogeza kamera chini kwenye magurudumu utaona yamekaa ndani ya reli, kama sentimita 3 kila upande. Mimi siwezi kuvumilia 😂

fundi_bodi
Nani anaangalia magurudumu jamani

bintiKilosa
Mimi. Kidatu halisi treni hazipitilizi, mzigo unahamishwa behewa la huku kwenda la kule. Weka ghala linalopakua na kupakia, reli ya TAZARA iishie upande mmoja, ya meta geji upande wa pili. Tena hapo hata vipande viwili vya reli havigusani, kaunganishe ardhi tu.

Dereva_wa_Usiku
Daah dada kumbe wiki mbili nahangaika kuunganisha reli ambazo hazitakiwi kuungana. Jamaa ameshafungua TransDEM, anauliza ghala la nani litatumika, lake au langu, maana naye alijenga.